Benchi la Kukalia Mikono

Kwenye nyumba ya mazoezi ya masista, pale Mpanda, kulikuwa na benchi refu la mninga lililoegemea ukuta, likitazamana na vyuma vya kujifunzia kutembea. Benchi hilo halikuwa la wagonjwa. Lilikuwa letu sisi tuliokuja kuuguza. Mgonjwa wako akiwa kwenye vyuma, wewe unakaa pale unamtazama. Akianguka, Sista Prisila anaita, "Kalieni mikono!" Nasi tunaingiza viganja chini ya mapaja, tunavikalia, tunaendelea kutazama.

Wageni walituona hatuna roho. Siku ya kwanza hata mimi nilimwona Sista hana roho.

"Mtu akianguka unamwacha chini, Sista?"

"Namwacha ainuke."

"Na asipoweza?"

"Ataweza kidogo. Kesho ataweza zaidi ya kidogo." Sista alikuwa Mfipa mfupi, sauti yake kubwa kuliko mwili wake. "Ukimwinua wewe, Romana, kesho miguu yake itakungoja wewe. Na wale wenye plasta ya mgongo ndiyo kabisa. Ukimvuta mtu kama yule kwa makwapa, unaachanisha pale madaktari walipounganisha."

"Yule" aliyemwonyesha kwa kidevu alikuwa Ngolo.

Naandika polepole kwa sababu sitaki kuruka kitu. Watu wakimtaja marehemu hutaja wema wake tu, wanamfanya malaika, mwishowe humtambui. Mimi nataka kumkumbuka Ngolo wote, pamoja na ubishi wake na kucheka kwake wakati usiofaa.

Ilikuwa mwaka tisini na saba. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kurudi kwetu Usevya kukaa tu. Baba yangu, mzee Leodgar, akaanguka shambani wakati wa kuvuna mpunga. Kiharusi. Upande wa kulia ukafa, na maneno yote yakampotea isipokuwa moja. Neno lililobaki lilikuwa "ng'ombe". Msimu ule ng'ombe wa wafugaji waliingia kwenye majaruba yake wakala na kukanyaga karibu nusu ya mpunga. Alipoanguka alikuwa anapiga kelele kuhusu ng'ombe hao, na neno likamgandia mdomoni. Akitaka maji, "Ng'ombe." Akitaka kugeuzwa, "Ng'ombe." Akitaka kusali, jamani, hata kusali.

Na kitanda walichompa baba kilikuwa kando ya kitanda cha Msukuma.

"Ng'ombe!" baba aliita asubuhi ya kwanza, akitaka uji.

"Wapo, baba," kitanda cha pili kikajibu kwa heshima. "Wamelala. Leo hawajala mpunga wa mtu."

Wodi nzima ilicheka. Baba aligeuzia uso ukutani, akakataa uji mpaka mchana. Mimi nilijifunika khanga usoni. Nilipoifunua, yule kijana alikuwa ananitazama, na hakuwa anacheka tena.

"Samahani, dada," alisema. "Sikujua ni baba yako wa kukuzaa. Nilidhani ni babu."

"Sasa hilo ndilo la kuniomba samahani?"

"Basi niombe samahani kwa lipi? Chagua wewe."

Ndivyo alivyokuwa Ngolo.

Kwao ni Sibwesa, ambako baba yake alihamia na mifugo kutoka Usukumani, akafia huko. Ngolo ndiye mtoto wa kwanza wa kiume. Alianza na maumivu ya mgongo, watu wakasema amechoka na kuchunga, halafu siku moja akashindwa kusimama. Kumbe kifua kikuu kilikuwa kimeingia kwenye uti wa mgongo. Walimpasua Mwanza, wakamvalisha plasta kuanzia makwapani mpaka nyongani, akaletwa kwa treni akiwa amelazwa kama mzigo. Kwa masista alikuwa anameza dawa na kufundishwa upya miguu yake kama mtoto wa mwaka mmoja.

Plasta ile ilikuwa inamwasha. Joto la mchana likipanda alikuwa anauma meno.

"Romana, una spoku ya baiskeli?"

"Sista amekataza."

"Sista hana gamba mgongoni. Nikune, dada yangu. Hapo chini ya bega. Kwa kijiti tu."

"Nikikuchubua je?"

"Nichubue wewe. Nikichubuliwa na wewe nitapona."

Nilimkuna kwa kijiti nilichokifunga kitambaa, nikiwa nimesimama nyuma yake uani, nikitazama shingo yake na masikio yake yaliyochongoka. Hakuna zaidi ya hapo. Nasema hivi kwa sababu baadaye yalisemwa mengine. Nilimjua Ngolo shingo, mikono na macho tu. Lakini alipofumba macho na kusema, "Hapo hapo, mama wee," nilihisi damu inanipanda mpaka kwenye kope.

Kila alipoanguka kwenye vyuma alikuwa ananitafuta kwa macho pale kwenye benchi. Mimi nilikuwa nimekalia mikono yangu, inaniuma, vidole vimekufa ganzi. Tulitazamana hivyo mpaka ainuke. Wapenzi wengine hushikana mikono. Sisi tulipendana kwa kutoshikana.

"Siku plasta ikikatwa nakuja kwenu," aliniambia siku moja. Sista alikuwa ameshasema plasta haitakatwa kabla ya mwaka mpya. "Nakuja na wazee. Baba yako ataniambia nini?"

"Ataniambia mimi. Atasema, ng'ombe."

"Basi nitamjibu, ndiyo baba, hao nimewaleta."

Tulicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha mlangoni akatufokea.

Mwezi wa tisa mama yake akaja.

Walikuja wawili, yeye na baba mdogo wa Ngolo aitwaye Malale, ambaye ndiye aliyeshika mji tangu kaka yake afe. Mama alikuwa amevaa kaniki, mrefu kama mwanawe, na miguu ina vumbi mpaka magotini. Malale alikuwa na kofia na fimbo, miguuni amevaa katambuga za tairi. Mara ya mwisho mama huyo alimwona mwanawe akipandishwa treni, miguu imelegea kama kamba. Tangu hapo alikuwa anaota amekufa.

Nilimpigia magoti. "Mwangaluka, mayu." Ngolo alikuwa amenifundisha salamu hiyo, na kwamba mayu ni mama.

Alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Mwangaluka. Wewe ni nesi?"

"Hapana, mama. Namuuguza baba yangu."

"Watu wa wapi nyie?"

"Wapimbwe. Usevya."

"Aa. Watu wa mpunga," alisema, kisha akamgeukia mwanawe kwa Kisukuma, na mimi nikawa nimekwisha kuulizwa.

Ngolo alikuwa kama mtoto siku ile. Alitaka mama yake amwone. Sista alisema afanye mazoezi kama kawaida ndani ya vyuma, mwisho. Lakini Ngolo alipofika mwisho wa vyuma akachukua magongo yaliyokuwa ukutani, akaanza kuvuka sakafu kwenda kwa mama yake.

"Ngolo!" Sista aliita. "Rudi!"

"Namsalimia mama yangu, Sista."

Alipiga hatua chache nzuri. Mama alikuwa ameshatandaza mikono. Halafu gongo la kushoto likateleza kwenye simenti, na Ngolo akaenda chini kwa ubavu, plasta ikapiga sakafu kwa mlio ambao nausikia mpaka leo.

Mama alipiga ukelele akamkimbilia. Sista alikuwa mwepesi zaidi. Alisimama katikati, mikono ameitandaza kama anazuia mbuzi.

"Hakuna kumgusa! Kalieni mikono!"

Benchi zima likatii. Na mimi nikatii. Mama alijaribu kupita kulia, Sista akaziba, akajaribu kushoto, Sista akaziba. Ndipo mama akanigeukia mimi niliyekuwa karibu kuliko wote. Mguu wa Ngolo ulikuwa unafika kwenye kandambili yangu.

"Wewe! Msichana! Mshike mwenzako!"

Nilimtazama Ngolo. Alikuwa ananiangalia kama siku zote, jasho limemjaa usoni, na midomo yake ilisema bila sauti, "Acha." Nikaacha. Nilivikalia viganja vyangu, na mama yake akaniona nikivikalia.

Ngolo alitambaa. Alitambaa kwa viwiko mpaka kwenye vyuma, akashika chuma cha chini, akashika cha juu, akakusanya goti moja chini yake, halafu la pili. Sijapata kuona kitu kirefu kama kule kuinuka. Mama hakukiona. Alikuwa amejifunika uso kwa kaniki, analia ukutani, akisema kwa lugha yake maneno ambayo hayakuhitaji kutafsiriwa.

Aliyeona alikuwa Malale.

"Amesimama," alisema taratibu. Akavua kofia. "Mama Ngolo, funua uso. Mwanao amesimama mwenyewe."

Ngolo alicheka. Benchi zima tulipiga makofi. Hata baba yangu kwenye kiti chake aligonga paja kwa mkono wake mzima. Nilidhani hiyo ndiyo furaha yangu imefika.

"Basi amepona," Malale aliendelea. "Kesho tunakwenda naye."

Sista alidhani anatania. "Unakwenda naye wapi?"

"Nyumbani. Sista, wabeja sana, tunashukuru. Ametoka kwetu amelala, leo amesimama. Kazi yako tumeiona, na Mungu ameiona."

"Kazi haijaisha, mzee. Mifupa haijashikana. Ana dawa za miezi mingi bado. Leo ameinuka, kweli, lakini umeona alivyoanguka?"

"Nimeona alivyoinuka. Hata ndama akizaliwa huanguka, halafu akishasimama humrudishi tumboni. Anakwenda kunyonya, anakwenda malishoni." Malale hakuwa mtu mbaya. Alisema kwa upole kabisa, kama anamweleza mtoto. "Ng'ombe ni wa marehemu kaka yangu. Tunahamia kwenye maji. Sitaki watu waseme Malale amewahamisha mwenye mali hayupo. Hata akikaa juu ya mkokoteni, watu wamwone."

"Atakufa," Sista alisema.

"Wote tutakufa, Sista. Afie kwao."

Mama alikuwa amefuta machozi. Alinijia polepole, akasimama mbele ya benchi. Nilisimama kwa heshima.

"Leo Ngolo ameniambia habari zako," alisema kwa Kiswahili, ili wote wasikie. "Nikataka nikutazame. Nilisema, hata kama ni mtu wa mpunga, hata kama hajui kukamua, nitamtazama kwanza. Nimekutazama."

"Mama, ni sheria ya hapa..."

"Mwanangu yuko chini. Yuko kwenye miguu yako. Wewe unakalia mikono."

"Mayu," Ngolo aliita kutoka kwenye vyuma, "mimi ndiye niliyemwambia aache!"

"Nyamaza wewe. Umelishwa maneno na huyu." Akanigeukia tena. "Siku akiugua nyumbani kwako utamtazama hivyo hivyo? Ataanguka kisimani, utatafuta benchi?"

Watu wengine walicheka, si kwa ubaya, ni kwa vile alivyolisema. Mimi nilitafuta maneno. Nilikuwa na kidato cha nne, nilikuwa najua kueleza mambo, lakini kwetu hujibizani na mama wa mwanamume mbele za watu. Nilisema tu, "Namwinua kwa namna hiyo, mayu."

"Usiniite mayu," alisema. "Kija, binti tuliyemchagulia, yupo nyumbani anamngoja. Yule akiona mtu ameanguka anakimbia."

Asubuhi yake nilimkuta Ngolo kwenye baraza, amekaa na magongo yake kwapani. Lori la mtu wa Karema lililokuwa linapitia Sibwesa lilikuwa linapakia magunia kule stesheni, na Malale alikuwa amekwenda kulileta. Mama alikuwa ndani anakunja blanketi. Nilikaa mbali kidogo na Ngolo.

"Umekubali," nilimwambia.

"Nimekubali nini? Nimeitwa na wakubwa wangu."

"Sista amesema mifupa haijashikana. Ulimsikia."

"Sista tangu mwezi wa tano anasema bado. Bado, bado, bado. Romana, jana baba mdogo alivua kofia. Ulimwona? Alinivulia kofia mimi." Macho yake yalikuwa yanang'aa. "Tangu niugue hakuna aliyenitazama kama mtu mzima. Wananitazama kama mzigo, unakaa wapi, unapandishwaje. Jana niliona wananitazama."

"Mimi sikukutazama?"

Alikwaruza sakafu kwa ncha ya gongo.

"Mimi nilikutazama kama nini, Ngolo? Mzigo?"

"Wewe ulinitazama kama mgonjwa anayejitahidi," alisema. "Ni vizuri. Lakini nimechoka kujitahidi. Nataka kuwa tu."

Niliumia, na nikiumia huwa nakuwa na ulimi. "Nenda basi ukawe. Kawe kwa Kija. Akikuona umeanguka atakimbia, atakubeba mgongoni kama mtoto."

"Unaona? Ndiyo maana mama hakukupenda."

"Mama yako hakunipenda tangu aliposikia Usevya."

"Na baba yako ananipenda? Ananiita ng'ombe kutwa!"

"Anaita maji ng'ombe! Anaita Mungu ng'ombe!"

Tulitazamana, na kicheko kikatujia wote wawili, kikaishia kwenye machozi. Yeye ndiye aliyefuta macho kwanza.

"Niambie nibaki," alisema kwa sauti ya chini.

"Baki."

"Nibaki kama nani? Niwaambie nini wale? Kwamba nabaki kwa ajili ya plasta? Wataona ni woga."

Nilikuwa sijapata kulitamka neno lile. Msichana halitamki kwanza. Nililitamka nikitazama sakafu.

"Kama mume wangu."

Kuku wa masista walikuwa wanachakura kwenye majivu. Nilisikia anapumua ndani ya lile gamba, kifua kikisukuma plasta.

"Ungelisema jana," alisema. "Mbele ya mama."

"Jana nani aliniuliza?"

"Ungelisema jana, Romana, ningekuwa na cha kushika. Leo nimeshamwambia ndiyo." Akanyoosha mkono akanigusa kifundo cha mkono kwa ncha za vidole, mara ya kwanza na ya mwisho yeye kunigusa kwa kutaka. "Nikishawapeleka ng'ombe kwenye maji nitarudi. Plasta nitakuja kuikata hapa hapa, kwa Sista. Halafu twende Usevya."

"Dawa utameza?"

"Nitameza."

"Hutatembea na ng'ombe?"

"Nitakaa kwenye mkokoteni kama bibi harusi."

Lori likapiga honi nje ya uzio. Ngolo alisimama mwenyewe. Kabla ya kutoka alipita kwa baba yangu, akainama kadiri plasta ilivyomruhusu, ambayo si sana.

"Baba, kwa heri. Nakwenda."

Baba alimtazama muda mrefu. Alikuwa hajawahi kumjibu salamu hata moja. Akatoa mkono wake wa kushoto, ule ulio hai, akaushika wa Ngolo.

"Ng'ombe," alisema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena.

"Ndiyo, baba," Ngolo alisema. "Nitawapitisha barabarani. Majaruba hawatayagusa."

Mama alikuwa anamngoja mlangoni na mikono tayari. Walimpandisha kwenye lori wanaume wanne, wamemshika makwapa na mapaja. Sista alifumba macho. Mimi nilisimama kwenye uzio. Nilimwita, na najua alinisikia, maana nilimwona akijaribu kugeuka. Lakini mtu mwenye plasta ya mgongo hawezi kugeuka, mpaka ageuze mwili mzima, na walikuwa wamembana katikati ya magunia ili asitikisike. Aliinua gongo moja juu. Lori likaingia barabarani, vumbi likafunika gongo.

Mvua za mwaka ule kila mtu wa kwetu anazikumbuka. Zilianza mwezi wa kumi na moja zikakataa kuacha. Madaraja yalikwenda, barabara zikawa mito, na kutoka Sibwesa hakuna mtu aliyefika Mpanda kwa miezi. Baba alipoweza kutembea na fimbo kaka zake walikuja kumchukua, wakazunguka naye kwa njia wanazozijua wao. Mimi Sista alinibakiza. Alisema nina mikono inayojua kutulia, nimsaidie kuwafundisha wanaouguza. Nilikubali kwa sababu Ngolo alisema plasta ataikata pale. Niliosha sakafu, nilipika uji, nilisikiliza kila lori.

Mama yake Ngolo alikuja mwezi wa sita, njia zilipokauka. Alikuja peke yake. Alikuwa amenyoa nywele, nami nilipoona kile kichwa nikajua, nikaendelea kukunja shuka mpaka zikaisha.

Alikaa kwenye benchi. Hakusalimia.

"Nionyeshe alipoinuka," alisema. "Siku ile sikuona."

Nilimwonyesha. Chuma cha chini, chuma cha juu, mahali alipokusanya goti. Alivigusa vyote kwa kiganja. Kisha akarudi kukaa, akaniambia yote bila kunitazama.

Gamba walilikata wiki ile ile ya kwanza. Malale alisema mtu aliyepona havai ugonjwa, na kulikuwa na ngoma ya kumshukuru Mungu, wakataka avae shati. Alikaa siku nyingi vizuri. Alisimama mbele ya watu, akashangiliwa. Siku moja akaamka miguu haipo. Dawa zilikuwa zimekwisha na maji yamefunga njia. Kija alimtunza, mama alisema, kwa kweli alimtunza, wala hakuolewa naye, alimtunza tu. Halafu vidonda vikaota mgongoni na makalioni, vikaingia ndani, na homa ikaja.

"Sista alisema asilale upande mmoja," nilisema. "Alisema afanyishwe mazoezi."

"Hatukumlaza upande mmoja. Tulimbeba." Alikunjua viganja vyake juu ya magoti akavitazama. "Asubuhi tulimbeba kumtoa juani. Jioni tulimbeba kumrudisha. Kuoga tulimbeba. Chooni Malale mwenyewe alimbeba mgongoni, mtu mzima yule. Alituomba tumweke chini tumwache. Alisema, niwekeni, niacheni nijaribu. Tukadhani ni homa inayosema."

Nilichukua shuka nililokwisha kulikunja, nikalikunja upya.

"Ungenieleza siku ile," alisema.

"Ungesikia?"

"Nisingesikia," alisema. "Nilikuwa nakutazama mikono." Kisha akavuta kaniki mabegani, ingawa kulikuwa na joto. "Hatukumwacha aguse chini hata siku moja, binti. Siku moja tu. Ile tuliyomzika."

Alibaki pale akingoja. Nilijua anachongoja. Neno lenyewe ni fupi, kila mtu wa nchi hii humwambia mwenzake, hata asiyemjua, hata mtu akijikwaa njiani. Nilikuwa nalo mdomoni, nikalifungia meno, mpaka alipochoka kungoja, akainuka kwa taabu, akaenda zake.